Somo: Sri Lanka kwa siku kumi na moja, anza na miji ya kale ya Wabudha kisha panda milimani kwenye chai

Haya wapendwa, tangu niweke zile picha za Sri Lanka nimeulizwa maswali yaleyale inboksi mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa, kila mtu asome. Mi ni mtu wa Tanga lakini kazi ipo Muscat, na kutoka huku ndege ya moja kwa moja hadi Colombo haizidi sana saa nne, ndo maana tulienda mimi na mume wangu likizo ya Februari. Mlioko Dar au Nairobi mtapita Dubai, Doha au Mumbai, ni mwendo mrefu kidogo ila inawezekana.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja ambalo ndo siri ya safari yote. Watu wengi wanafika, wanakimbilia Ella, mji mdogo wa milimani, kupiga picha ya daraja, halafu miji ya kale wanaikatia siku moja wakiwa wameshachoka. Nyie fanyeni kinyume. Fuateni mji mkuu ulivyokuwa unahama. Wafalme walianza Anuradhapura kule tambarare kaskazini, wakavamiwa na Wachola kutoka India ya Kusini mwaka 993, mji mkuu ukahamia Polonnaruwa, baadae ukawa unasogeasogea kusini mpaka ufalme wa mwisho ukajificha Kandy kwenye vilima na Waingereza wakauchukua 1815. Ukipita njia hiyohiyo historia inajipanga yenyewe kichwani, na mwili nao unashukuru, maana joto unalimaliza mwanzoni ukiwa na nguvu halafu unapanda kwenye baridi kupumzika.

HATUA YA 1: Usilale Colombo. Uwanja wa ndege uko Katunayake, karibu na Negombo, na Colombo iko upande mwingine kabisa wa unakokwenda. Lala Negombo usiku mmoja kama umefika jioni, asubuhi panda basi au kodi gari kwenda Anuradhapura, kama saa nne hivi. Laini ya simu nunua palepale uwanjani, na pakua PickMe ya kuitia bajaji, maana bajaji wa barabarani akikuona mgeni bei anaitunga kama mshairi.

HATUA YA 2: Anuradhapura, usiku mbili. Jamani huu mji. Kuna mti pale, Jaya Sri Maha Bodhi, tawi la mti ambao Buddha alikaa chini yake akapata mwanga kule Bodh Gaya. Mapokeo yanasema tawi lililetwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, likapandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, na ndo unahesabiwa kuwa mti mkongwe zaidi duniani uliopandwa na mkono wa binadamu tarehe ikajulikana. Ukiuona wenyewe si mkubwa hivyo, matawi yameegemezwa kwenye nguzo za rangi ya dhahabu kama mzee na bakora zake, na watu wamekaa chini kimya wanasoma vitabu vidogo, hakuna anayekusukuma wala kukuuzia kitu.

Halafu kuna stupa. Stupa ni kuba kubwa la matofali lililojaa, halina vyumba ndani, masalia matakatifu yamezikwa humo, na watu wanazunguka kwa nje mkono wa kuume ukiwa upande wa kuba. Ruwanwelisaya ndo ile nyeupe peee. Jetavanaramaya haina chokaa, ni matofali matupu, inakisiwa yako milioni 93, na ilipokamilika ilikuwa na urefu wa kama mita 122, yaani zama zile ni mapiramidi mawili tu ya Giza yaliyoipita.

Sasa hapa ndo nilipoadhibiwa. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia uwanja wa stupa, na sisi tulifika saa sita na nusu mchana. Jiwe limepigwa jua tangu asubuhi. Nilitembea hatua kama kumi kwa heshima, za kumi na moja kuendelea nilikuwa naruka kama kuku aliyekanyaga makaa, mume wangu anacheka, bibi mmoja wa pale mwenye sari nyeupe akanishika mkono akanivuta kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akanimegea nusu ya maua yake ya yungiyungi niende nikaweke. Hatukuelewana hata neno. Kwa hiyo: soksi nene kwenye mkoba, na nenda saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, mchana kalale.

Ukiwa na nafasi nenda na Mihintale, kama kilomita 13 tu. Hapo ndo Mahinda, kaka yake Sanghamitta, anasemekana alikutana na mfalme Devanampiya Tissa na dini ikaingia kisiwani. Ngazi 1,840. Jioni upepo wake mtamu.

HATUA YA 3: Hamia Sigiriya, usiku tatu, uwe na kituo kimoja cha kwendea sehemu tatu.

Mwamba wa Sigiriya wenyewe umesimama karibu mita 180 juu ya msitu, ngazi kama 1,200, na mlangoni kwa juu kuna makucha mawili ya simba ya matofali, kichwa kilishaanguka zamani. Mfalme Kashyapa alimuua baba yake akanyakua kiti, akaogopa mdogo wake aliyekimbilia India atarudi, akajenga kasri juu ya jiwe. Alikaa huko kuanzia 477 mpaka 495, mdogo wake akarudi kweli. Wanasimulia kwamba vitani tembo wa Kashyapa aligeuka kukwepa tope, jeshi likadhani mfalme anakimbia likakimbia, na yeye akajimaliza kwa kisu chake.

Lakini kilichonishika mimi si kasri. Katikati ya kupanda kuna ukuta uliong'arishwa, unaitwa Ukuta wa Kioo, na wageni wa karne nyingi walikuwa wakishaona michoro ya wanawake iliyo juu kidogo wanashuka wanaandika mashairi kwenye ukuta. Mtaalamu Senarat Paranavitana alisoma mashairi 685! Watu wa zaidi ya miaka elfu iliyopita wanasifia warembo wa kuchorwa, wanalalamika hawakujibiwa salamu. Yaani watani wetu kabisa. Ila wewe usiandike, utakamatwa, na michoro usipige picha.

Panda mlango ukifunguliwa tu alfajiri. Ukiona kibao cha nyigu nyamaza kama kinavyosema, si mapambo. Na wenye bajeti ndogo, kuna mwamba wa jirani, Pidurangala, kiingilio chake ni kidogo mno na ukiwa juu yake unaiona Sigiriya yote mbele yako. Mwishoni kuna mawe ya kukwea kwa mikono, msiende na viatu vya harusi.

Dambulla ni nusu siku, mapango matano chini ya mwamba mmoja, sanamu za Buddha 153, dari yote imechorwa kufuata mabonde ya jiwe kama kitenge kilichotandikwa.

Polonnaruwa ipe siku nzima na ukodi baiskeli, njia ni tambarare na miti ipo. Mfalme wake maarufu ni Parakramabahu wa Kwanza, karne ya 12, anakumbukwa kwa agizo kwamba tone la mvua lisifike baharini kabla halijamfaa mtu, na ziwa alilochimbisha mpaka leo linamwagilia mpunga. Gal Vihara ndo kilele: sanamu nne kwenye jiwe moja, ya kulala ina mita 14 hivi. Sogea uangalie mto wa kichwani, fundi amechonga jinsi mto unavyobonyea chini ya uzito wa kichwa. Jiwe hilo linabonyea! Nilikaa pale nusu saa.

Na kaangalie vizingiti vya nusu duara mbele ya ngazi, vinaitwa mawe ya mwezi. Kule Anuradhapura utaona msururu wa tembo, farasi, simba na ng'ombe dume. Polonnaruwa ng'ombe hayupo. Inaelezwa kwamba Wahindu walikuwa na nguvu hapo, na ng'ombe kwao ni mtukufu, haikufaa akanyagwe. Dini mbili zimeandikwa kwenye kizingiti.

HATUA YA 4: Kandy usiku mbili. Hekalu la Jino la Buddha, nenda kwenye ibada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, ngoma zinapigwa, watu wamepanga foleni na maua. Jino lenyewe hulioni, unaona kasha. Mji una foleni za magari, sikuupenda kivile, ila bustani ya mimea ya Peradeniya inakufanya usamehe yote.

HATUA YA 5: Treni ya milimani. Kandy hadi Nanu Oya kama saa nne, hiyo ndo stesheni ya Nuwara Eliya, halafu kesho yake Nanu Oya hadi Ella saa tatu hivi. Kituo cha Pattipola kiko karibu mita 1,900. Tiketi za siti zinaanza kuuzwa mapema na zinaisha kama maandazi ya futari, ukikosa panda daraja la tatu lisilo na siti maalum, utasimama ila utakula njugu za moto na kila mtu.

Nuwara Eliya iko mita 1,868, usiku kuna baridi ya Lushoto ukazidishe kidogo, beba sweta. Posta ya matofali mekundu, nyumba za Kiingereza, haya. Kitu cha kuangalia ni mashamba. Zamani ilikuwa kahawa, ugonjwa wa kutu ukaiua kuanzia 1869, wakahamia chai ambayo James Taylor alishaipanda Loolecondera mwaka 1867. Wachumaji ni Watamil ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka India ya Kusini, na sheria ya 1948 iliwaacha wengi wao bila uraia wa nchi yoyote kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukimwona mama na gunia lake la majani limening'inia kichwani, muulize kabla ya kumpiga picha, mwili wake si mandhari.

HATUA YA 6: Ella usiku mbili, hapa hakuna haraka. Daraja la Matao Tisa, la mwaka 1921, mawe, matofali na saruji bila chuma. Nenda asubuhi ukajue ratiba ya treni. Panda Little Adam's Peak, ni saa moja tu, kula, lala.

MASWALI YA MEMBA

msafiri_wa_kisauni: Dada shukrani kwa somo. Viza inakuwaje na ile kadi ya manjano wanadai?

Jibu: Viza unaomba mtandaoni kabla, inaitwa ETA. Ingia tovuti rasmi ya uhamiaji wa Sri Lanka TU, mi mara ya kwanza niliangukia tovuti ya kujifananisha ikanilamba karibu mara mbili ya bei. Masharti na ada kwa pasi yako yasome hapohapo, yanabadilika. Kadi ya homa ya manjano beba, ukitokea nchi yenye ugonjwa kama Kenya wanaidai.

mama_wawili: Shikamoo dada. Nataka kumpeleka mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Niache nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Acha kupanda Sigiriya na Mihintale bila majuto. Anuradhapura na Polonnaruwa kodi bajaji ya siku nzima, inawashusha karibu na kila sehemu. Dambulla ngazi zipo ila mnapanda taratibu mkipumzika. Na treni ataipenda kuliko wewe.

abuu_tanga: Asalaam alaykum. Je chakula halali kipo? Na ule mlima wa Nabii Adam mbona umeuruka?

Jibu: Waalaykum salaam kaka. Kipo, Waislamu ni kama mtu mmoja kwa kila kumi, tafuta migahawa yao mjini. Ulizia kottu, chapati inakatwakatwa na mapanga mawili juu ya chuma cha moto, utaisikia mtaa wa pili kabla hujaiona. Milimani vijijini mi nilikula wali, dengu na mchuzi wa embe, safi tu. Mlima ni Sri Pada, mita 2,243, unaanzia Dalhousie, stesheni ya jirani ni Hatton. Unapanda saa nane usiku, ngazi zaidi ya 5,000, msimu ni Desemba hadi Mei. Sisi hatukupanda, goti la mwenzangu. Wabudha wanasema unyayo wa juu ni wa Buddha, Wahindu wa Shiva, na sisi Waislamu tunasema ni wa Nabii Adam, aliyeshushwa Sarandibu, jina la zamani la Kiarabu la kisiwa hiki. Ibn Battuta aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 ndo huyohuyo aliyeupanda mlima huu 1344, kwa hiyo una mtu wa kwenu aliyekutangulia.

Msafiri254: Nguo je? Na nasikia kuna siku pombe haiuzwi.

Jibu: Mabega na magoti yafunikwe, kanga moja mkobani inamaliza kesi. Selfi ukiwa umeipa sanamu mgongo hapana kabisa, na mwenye tatuu ya Buddha aifunike, 2014 mtalii wa Kiingereza alirudishwa kwao kwa hilo. Kila mwezi ukipevuka ni sikukuu, Poya, baa zinafungwa. Kunywa madafu, yao ni ya rangi ya machungwa.

kijana_wa_makorora: Viingilio vyote jumla? Na treni bado inafika?

Jibu: Sehemu kubwa tatu, Anuradhapura, Sigiriya na Polonnaruwa, kila moja ni dola 25 hadi 35 kwa mgeni, kwa hiyo tenga dola 100 na ushee kwa mtu ukijumlisha na vidogo. Treni, kimbunga Ditwah cha Novemba 2025 kiliharibu sana reli ya milimani, uliza stesheni kabla hujapanga tarehe, na mvua ikizidi usilazimishe, basi zipo.

mama_wawili: La mwisho dada, chai ninunue ipi ya kuleta nyumbani?

Jibu: Inategemea mnakunywaje. Ya Nuwara Eliya ina rangi nyepesi na harufu ya maua, hiyo ni ya kunywa ya rangi bila tangawizi wala chochote. Kwa chai ya maziwa nunua ya mabondeni, nyeusi tii na nzito, tena ile ya unga mdogo. Mi nilibeba kilo mbili za mlimani kwa kujidai, mama yangu akaipika na maziwa na iliki akaniuliza hii ni chai au maji ya kuoshea sufuria.