Sukari na tansio (presha ya damu) zisiyumbe: namna ninavyomuuguza papa baada ya AVC (kiharusi)

Asubuhi ile papa, baba yangu, aliamka mkono wa kuume umelegea, maneno yanamponyoka. Mama jirani, hapa kwetu Bagira, mjini Bukavu, akaja mbio na kidonge chake cha tansio, akitaka kukipasua amwekee papa chini ya ulimi. Kipimo kilisoma 190 kwa 105, na mimi nilikuwa nimeshakubali. Mdogo wangu anayesomea uuguzi ndiye aliyemzuia: "Mama, tafadhali, usimpe." Ninamshukuru hadi leo.

Papa alikuwa na AVC ya kuziba: bonge la damu limefunga mshipa wa ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna ghala la akiba. Pembeni ya sehemu iliyokufa kuna sehemu yenye njaa, hai bado, inayopata damu kidogo kupitia vijishipa vya kando. Kwa kawaida mishipa ya ubongo hujipanua au kujibana yenyewe tansio inapobadilika. Baada ya AVC uwezo huo hupungua, na damu inafika pale kwa kusukumwa na tansio. Ukiishusha ghafula, unainyima ile sehemu tonge la mwisho. Ndiyo maana siku ya kwanza waganga (madaktari) wanaweza kuiacha ifike hata 220 kwa 120, ikiwa mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha bonge.

Basi nyumbani usimpe kidonge chochote, hata aspirini, kwa sababu ni skana tu, mashine ya kupiga picha ya ubongo, inayoonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimpe chakula wala maji, atapaliwa. Kama una mashine ya sukari, mpime: sukari iliyo chini ya 70 (mg/dL) inaweza kulegeza mkono na kuvuruga maneno kama AVC yenyewe. Mwambie muuguzi namba hiyo mara tu mnapofika hospitali.

Akisharudi nyumbani, kazi inakuwa yako. Mimi nina daftari. Papa anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, ndipo nampima tansio kwenye mkono mzima, si ule uliolegea. Mganga wetu anataka ikae chini ya 130 kwa 80, na tumefika huko polepole. Sukari nampima baada ya kumnawisha vidole kwa maji na sabuni. Siku moja mashine ilisoma 240, nikaogopa sana. Kumbe alikuwa amemenya embe. Tulipomnawisha na kurudia ikasoma 131.

Sukari ikikaa juu inaharibu ngozi ya ndani ya mshipa, na mshipa unashindwa kupanuka damu inapohitajika. Ikishuka sana, ubongo unakosa chakula. Usiku mmoja alichomwa insulini kisha akakataa kula, akatoka jasho jingi na kuanza kuropoka. Tangu hapo naona sahani kwanza, sindano baadaye, kama mganga alivyotupangia.

Bugali hatujamnyima, kwa mzee wa Bukavu hilo lingekuwa kumuonea. Tonge ni la ukubwa wa ngumi yake, na linakuja mwisho: anaanza na lengalenga (mchicha) au maharagwe, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Sambaza zenye chumvi ninaziloweka na kumwaga maji. Sombe (majani ya muhogo) naipika kwa mafuta machache. Chai haina sukari. Hilo ndilo tuligombana zaidi, wiki tatu nzima.

Baada ya kula anatembea dakika 10 uani, mimi upande wa kuume, kwa sababu misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu. Milima yetu bado hatujaijaribu. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili au tatu. Akisimama ghafula tansio inaporomoka, kichwa kinakosa damu, anaanguka.

Kwenye jalada la daftari nimeandika kwa wino mwekundu: mdomo kwenda upande, mkono kuanguka, maneno kuvurugika. Chini yake nimeacha nafasi ya saa. Dawa ya kuyeyusha bonge, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na waganga wanahesabu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kwa hiyo kila usiku, nikizima taa, naandika saa niliyoagana naye.