Kabla Hujawapandisha Watu kwenye Kapsuli: Mambo ya Kuzingatia kwenye Mfumo wa Kutoroka na Parachuti

Yaliyo wazi kwanza, tusipoteze muda. Kapsuli, yaani chumba cha wanaanga kilicho juu ya roketi, ipimwe uzito upya kila kitu kinapoongezwa ndani, kwa sababu parachuti zilipigiwa hesabu kwa uzito wa awali. Makasha ya parachuti yakaguliwe unyevu. Baruti za kukatia kamba zisiwe zimepitwa na tarehe. Mikanda ya viti ikazwe hasa: tarehe 26 Septemba 1983 kule Baikonur, kituo cha Wasovieti cha kurushia roketi, mnara wa kutoroka (roketi ndogo iliyo juu ya kapsuli, ya kuivuta mbali na hatari) uliowang'oa wanaanga Titov na Strekalov juu ya roketi ya Soyuz iliyokuwa ikiungua uliwagandamiza kwa nguvu inayofikia mara 14 ya uzito wao au zaidi.

Siku hiyo moto ulikata nyaya kabla mfumo haujajifyatua, ikabidi waongozaji watume amri kwa redio. Roketi ililipuka sekunde chache baada ya kapsuli kuondoka. Usikubali amri ya kutoroka ipite njia moja. Iwepo ya waya na ya redio, na kila moja ijaribiwe peke yake.

Upande wa parachuti, zile ndogo hutangulia kuituliza kapsuli isiyumbe, kisha kubwa. Hizi kubwa zisifunguke kwa mkupuo: mdomo hubanwa kwa kamba inayokatwa kwa hatua, la sivyo kitambaa kinachanika. Weka moja zaidi ya zinazotakiwa. Kapsuli ya Wamarekani ya Apollo 15 ilirudi kutoka mwezini Agosti 1971 na mbili kati ya tatu, ikapiga maji kwa kishindo, watu wakatoka wazima. Na ya akiba iwe na njia yake. Mwanaanga wa Kisovieti Komarov alikufa Aprili 1967 kwa kuwa parachuti kubwa ya Soyuz 1 ilikwama kwenye kasha, na ya akiba ikajisokota na ile ndogo iliyokuwa bado hewani.

Pini zote zivutwe. Novemba 2019 Boeing walipoijaribu kapsuli yao ya Starliner kutoroka huko White Sands, Marekani, parachuti kubwa moja kati ya tatu haikutoka. Pini ya kuiunganisha na parachuti ya kuivuta haikuingia sawasawa, na ala iliyoifunika ikaficha kosa. Macho hayatoshi.

Sasa lile ambalo watu hulisahau: roketi ikigoma kuruka, nani anauzima mfumo wa kutoroka, na saa ngapi? Liandikwe, na jina la mhusika liwekwe. Tarehe 14 Desemba 1966, Baikonur, Soyuz isiyo na watu iligoma, injini zikazimwa, mafundi wakarudi jukwaani kuihudumia. Hakuna aliyeuzima mfumo wa kutoroka. Jairoskopu zake, vifaa vinavyozunguka ili kupima roketi imeinama kiasi gani, zilikuwa bado zinazunguka, na jairoskopu hushika mwelekeo wake angani huku dunia ikigeuka digrii 1 kila dakika 4. Roketi haikusogea hata kidogo, ila kwa vipimo vya jairoskopu ilikuwa inalala polepole. Kiasi cha dakika 27 baadaye mfumo ukaamua roketi inaanguka, ukafyatuka. Kapsuli ilishuka salama kwa parachuti. Chini, moto wa mnara uliwasha roketi iliyojaa mafuta, watu wakakimbia, na si wote waliofika.

Wamarekani walikuwa wameonja jambo la jamaa yake mwezi Novemba 1960. Mercury-Redstone 1, roketi ya majaribio isiyo na watu, iliinuka kama sentimita 10, injini ikazima, ikakaa tena jukwaani. Mnara wa kutoroka ukaondoka bila kapsuli, parachuti zikachomoka na kuning'inia ubavuni mwa roketi iliyojaa mafuta, upepo ungeweza kuiangusha. Hawakumsogeza mtu. Waliacha betri ziishe, wakaiendea kesho yake. Fanya hivyo hivyo, hata kama wakubwa wanaangalia saa.

Baada ya kutua, usikimbilie mlango. Mafuta ya injini ndogo ni sumu: Julai 1975, wanaanga watatu wa Apollo waliotoka kukutana na Soyuz walivuta mvuke wake wakishuka, wakalazwa hospitali. Pima hewa kuzunguka kapsuli kwanza, vaa barakoa, sogea kutoka upande upepo unakotokea. Mashua za watazamaji zizuiwe mapema pia. Agosti 2020 zilijisogeza hadi karibu na Dragon, kapsuli ya SpaceX, kwenye Ghuba ya Mexico, wakati waokoaji wenyewe walikuwa bado wanasubiri mvuke upungue.