Kumtengeneza na Kumchezesha Pulcinella, Kikaragosi cha Mkononi

Pulcinella wa Napoli, Italia, huvaa nguo nyeupe, kofia nyeupe na barakoa nyeusi yenye pua kama mdomo wa ndege. Mchezeshaji ni mmoja tu ndani ya kibanda, kikaragosi kimoja kila mkono, kwa hiyo jukwaani hawazidi wawili. Visa ni vifupi: Pulcinella anapambana na mbwa, askari, mnyongaji, hata Kifo chenyewe, na silaha yake ni fimbo. Uganda, ambako Waganda, Waacholi na Wanyankole, wenye lugha tofauti, hukaa uwanja mmoja, mchezo huu unafaa sana kwa sababu kicheko hutoka kwenye mapigo kuliko kwenye maneno.

Kichwa kifinyange kwa gazeti, ukubwa wa chungwa, kikiwa na mrija wa karatasi ngumu unaobana kidole cha shahada. Mrija ukilegea, kichwa huchelewa kufuata mkono. Bandika tabaka 5 au 6 za vipande vya gazeti kwa uji mzito wa muhogo. Msimu wa mvua usiharakishe kupaka rangi: unyevu ukibaki ndani, kichwa huota ukungu na pua hulegea.

Nguo ishone kwa shuka laini la mitumba, kama lile la soko la Owino, Kampala. Kitenge kipya kigumu hakifai. Ifike karibu na kiwiko, yapata sentimita 45. Shahada huingia kichwani, dole gumba mkono mmoja, kidole cha kati mkono wa pili. Kosa kubwa ni kubana mabega: vidole havikutani, na kikaragosi hakiwezi kushika fimbo. Kabla ya kushona mshono wa mwisho, jaribu kuokota kiberiti.

Fimbo iwe ya mwanzi, sentimita 35 hivi, iliyopasuliwa theluthi mbili ya urefu, na mshikio ufungwe kwa mpira wa tyubu. Vipande viwili vikigongana, pigo jepesi hulia kwa nguvu. Ubao wa mbele wa kibanda uwe mbao nene iliyopigiliwa imara, usawa wa juu ya kichwa chako. Ubao ukiyumba, sauti hufa.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo penye kazi. Anayesema atikisike, mwenzake atulie kabisa. Wote wakicheza pamoja, watu hawajui nani anaongea. Askari atokee kulia. Pulcinella apige ubao, tulia. Apige tena, tulia. Pigo la tatu askari ainame, fimbo ipite hewani. Kimya kile cha katikati ndicho kinachochekesha, na wanaoanza hukikata kwa woga. Rudia polepole, ukihesabu kwa sauti, ndipo uongeze kasi.

Sauti kali ya Pulcinella hutoka kwenye piveta: vibati viwili vyembamba vyenye utepe katikati, vimefungwa kwa uzi na kubanwa kwa ulimi kaakaani. Ni rahisi kuimeza, kwa hiyo ifunge uzi mrefu hadi kwenye shati, na watoto wasipewe. Maneno yake hayasikiki vizuri, basi kikaragosi mwenzake ayarudie kama swali: “Unataka mkate?”

Bila kipaza sauti, safu ya nyuma isipite mita 8. Kibanda kitazame jua; jua likiwa nyuma yake, watu wataona vivuli vyeusi tu.