Pandisha injini kabla ya kutafuta kubwa zaidi
Boti kuukuu ya kasi yenye injini ya kupachika iliyofungwa chini kabisa: ipandishe tundu moja la bolti, milimita 19 hivi, ujaribu tena kwa mzigo uleule. Mguu wa injini, yaani sehemu inayoingia majini, usipozama sana, maji hayaukabi sana, na mwendo unaongezeka. Weka rafadha (panga la kusukuma boti) ya chuma cha pua yenye makali yaliyokunjwa; ya alumini huanza kula hewa mapema. Geji ya kutazama ni ya presha ya maji ya kupoza injini, si ya spidi: ikishuka chini ya kiwango cha kitabu cha injini, rudisha tundu. Mizunguko ya injini ikiruka kwenye kona na boti haisukumwi, umepandisha mno. Bolti zikididimia kwenye ubao wa tezi (wa nyuma ya boti, unaobeba injini) unapozikaza, ubao umeoza; achana na mambo ya kasi kwanza.