Likoni hadi Tiwi kwa njia ya ufuoni: panga siku kwa maji

Kutoka kivuko cha Likoni, Mombasa, hadi Tiwi, ukifuata ufuo, ni kama kilomita 20. Barabarani huo ni mwendo wa saa tano. Ufuoni tenga saa nane, kwa sababu kwenye mchanga uliolowa utakwenda kilomita nne kwa saa, lakini kwenye majabali yenye meno hata mbili ni kazi. Na si miguu itakayokuangusha. Wengi wanaokwama njia hii hukwama kwa kuwa walichagua siku kwa kuangalia likizo, si kwa kuangalia mwezi.

Kwa hivyo anza na mwezi. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Mombasa, siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata hukawia kwa dakika 40 hadi 50. Siku nzuri ya safari hii si ya kilele chenyewe, ni siku mbili au tatu baada yake, maji yanapokwisha kupwa baina ya saa tano na nusu na saa sita mchana. Bado yanakwenda mbali, na asubuhi yote ni yako. Siku za maji mafu, bamvua ikiwa imekwisha, usiende. Tofauti ya kupwa na kujaa huwa mita moja hivi, chini ya majabali hapakauki, na kupwa kwenyewe huangukia jioni.

Thibitisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linalotolewa na KPA, mamlaka ya bandari ya Kenya. Usisome saa peke yake, soma na kimo: kupwa kuwe chini ya mita moja.

Kuhusu misimu, kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi utakusukuma mgongoni ukitoka Likoni kwenda Tiwi. Septemba na Oktoba, upepo wa kusi unapolegea, geuza safari: anzia Tiwi, malizia Likoni. Juni hadi Agosti acha kabisa, maana wimbi la kusi hupiga majabali hata maji yakiwa yamepwa. Wakati wa masika jiwe huteleza kama sabuni.

Viatu ndivyo vitu vya kwanza kuvifikiria. Jiwe la pwani hii ni matumbawe ya kale yaliyoachwa juu bahari iliposhuka, na mvua pamoja na chumvi vimeyachonga yakawa na ncha kama nyembe. Patapata hukatika kamba kabla ya saa sita. Sandali za wazi huacha vidole nje. Vaa raba kuukuu zenye soli nene, ambazo huoni uchungu kuzilowesha, na soksi ndefu. Chukua glovu za kazi, kwa sababu ukiteleza mkono ndio hutangulia. Maji ya kunywa yawe lita nne kwa kila mtu. Madafu utayapata penye watu, lakini sehemu ngumu ndizo zisizo na watu. Chakula kiwe chepesi: tende, mahamri, ndizi, mihogo ya kuchemsha. Pakiti za chumvi na sukari zisipopatikana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi hufanya kazi ileile. Simu ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki. Leso moja iwe ya kujifunika kichwa na mabega, na inafaa pia kufungia jeraha.

Nendeni watu watatu au wanne. Vito na pesa nyingi ziacheni nyumbani, kwani kuna sehemu tulivu ambako watu wameporwa. Mkifika bandari ndogo ya wavuvi, salimieni na muulize hali ya mbele. Watu wa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, na wavuvi wa pweza wanajua ni jabali gani limeporomoka mwezi huu, jambo ambalo ramani ya simu haikwambii.

Vuka feri mapema. Mtu wa miguu halipi. Ukishuka, shika barabara ya Shelly upande wa kushoto, au panda tuktuk hadi ufuoni, na saa moja asubuhi uwe umeanza. Saa hiyo maji bado ni mengi, kwa hivyo tembea juu ya mchanga bila haraka. Baada ya ufuo wa Shelly mchanga huanza kukatikakatika na majabali hujitokeza. Chini ya majabali usiingie mpaka zibaki saa mbili na nusu kabla ya kupwa kabisa. Mpaka hapo tumia vijia vya juu.

Ufuo wenyewe, baina ya alama ya maji makuu na ya maji kupwa, ni ardhi ya umma kwa Kipengele cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Ukipanda juu, mara nyingi umeingia kwenye kiwanja cha mtu. Bisha hodi, zungumza na askari wa lango, eleza unapita. Ukifika Waa, kijiji cha njiani, kuna Kaya Waa, msitu mtakatifu wa Wadigo, usiokatizwa bila idhini ya wazee. Kwenye mapango ya pwani hii utakuta vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, ubani na vyombo vya marashi. Hapo ni mizimuni, mahali pa kuombea mizimu. Usiguse, usipige picha, usikae kupumzika.

Sasa chini ya jabali. Bahari imelila kwa chini, limeinama kama dari, na ukiwa humo huna pa kupanda. Tazama ukutani: chaza walioshikamana na jiwe huishi pale maji yanapofika na kuondoka kila siku. Mstari wao ukiwa usawa wa kifua chako, basi maji yakijaa hapo si pako. Chini yao pana utando wa kijani, na hapo ndipo watu huanguka. Kanyaga jiwe kavu la kijivu, weka unyayo wote, na mguu mmoja usiondoke kabla wa pili haujatulia.

Hesabu ya kujaa ni hii. Tuseme kupwa ni mita 0.6 na kujaa ni 3.3. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 20 na ushei, ya pili 45, ya tatu na ya nne karibu 70 kila moja. Saa ya kwanza hudanganya. Zikipita saa mbili tangu kupwa, toka chini ya majabali hata kama Tiwi unaiona. Jambo la pili, ukitembea nje kwenye mwamba wa mbali, kumbuka mfereji ulio baina yako na ufuo ni wa chini zaidi. Maji hujaa nyuma yako wakati unaposimama pangali pakavu.

Kwenye vidimbwi vuta miguu badala ya kuinyanyua, samaki taa aliyejifukia mchangani apate kukimbia. Usitie mkono kwenye tundu, mkunga, samaki mrefu kama nyoka, huuma. Ukichomwa na samaki mwenye sumu, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia na uwahi hospitali.

Ukichelewa, Waa ndipo pa kutokea. Panda hadi barabara kuu, simamisha matatu ya kurudi Likoni. Tiwi nako ni hivyohivyo, bodaboda hukufikisha barabarani. Usijaribu kuvuka mto Mwachema kwenda Diani maji yakiwa yanajaa.

Ukifika nyumbani safisha kila mchubuko kwa sabuni na maji safi, usugue hadi chembe za matumbawe zitoke, hata kama inauma, kisha tia dawa. Chembe iliyobaki ndani huoza. Wekundu ukianza kutambaa kupanda mguu, usingoje kesho, nenda hospitali usiku huohuo.