Mtumbwi unaokwenda kwa mkia: namna nilivyoufunga wa kwangu Katonga

Mkia wa kwanza niliofunga kwenye mtumbwi wangu hapa Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa kipande kitupu cha plaiwudi. Nilikanyaga kanyagio za kuupigisha mkia huo mpaka mapaja yakawaka moto, mtumbwi ukawa unatikisa kichwa tu, kushoto, kulia, kushoto. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando akaniuliza, "Mwanangu, huo ni mkia au mlango?" Akatoa samaki aina ya mgebuka kwenye ndoo yake, akaukunja mkia kwa kidole gumba. Upande wa mbele mgumu kama kijiti, ukingo wa nyuma unalegea. Hapo ndipo nilipoona kosa langu.

Wazo lenyewe si geni. Miaka ya 1990 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitengeneza jodari wa mashine, na mwaka 1997 kampuni ya Hobie ikaanza kuuza kayaki za kukanyaga zenye mapezi mawili yanayopiga chini ya tumbo. Huu wangu ni wa mbao, mpira na vyuma vya duka la vifaa vya ujenzi.

Hatua ya 1: mtumbwi. Chukua mrefu na mwembamba, mita 5 hivi, na uongeze mkuku, ubao wa chini unaokata maji, upande wa mbele. Mfupi utatikisa kichwa hata ufanyeje.

Hatua ya 2: pezi. Kata mti wa mninga, urefu sentimita 50, upana 6, unene 3. Ukingo wa mbele uchonge uwe mviringo. Nyuma yake funga kwa bolti mpira bapa wa upana wa sentimita 14. Mimi nilitumia tairi bovu lisilo na nyaya ndani. Punguza unene wa mpira kwa kisu kadiri unavyokwenda nyuma. Ujaribu hivi: shika mti, sukuma ncha ya mpira kwa kidole kimoja. Ukijikunja wote, ni laini mno. Usipotikisika kabisa, umetengeneza mlango kama mimi.

Hatua ya 3: mkono na bawaba. Hapa usiwe na haraka. Bomba la chuma lisimame wima nyuma ya mtumbwi, likizunguka ndani ya pete mbili kama usukani. Chini yake fundi wa kuchomelea aunge mkono wa sentimita 45 unaoelekea nyuma, na mwisho wa mkono huo pezi lishikwe wima kwa bawaba. Lizunguke kwa uhuru, ila vizuizi viwili vilikamate likifika nyuzi 30 kila upande.

Kwa nini? Mkono ukienda kushoto, maji yanalizuia pezi, ncha yake inachelewa upande wa kulia. Pezi linakaa mshazari na maji yanatupwa nyuma. Mkono ukirudi, linageuka lenyewe. Fundi wangu aliacha nyuzi 60 kwanza, likawa linapepea kama bendera bila kushika maji.

Ukingo wa juu wa pezi uzame angalau sentimita 15, la sivyo litavuta hewa.

Hatua ya 4: kanyagio. Mti wa sentimita 60 wenye egemeo katikati, mbele ya kiti. Mwingine kama huo juu ya bomba la nyuma. Unganisha kulia na kulia, kushoto na kushoto, kwa waya wa chuma wa kusokotwa wa milimita 4. Kamba ya nailoni usiiguse: inavutika, teke lako linaishia humo humo. Kiti kiwe na egemeo imara la mgongo.

Hatua ya 5: mapigo. Kuna kipimo kinaitwa namba ya Strouhal: upana ambao mkia unafagia, mara mapigo kamili kwa sekunde, gawa kwa mwendo. Samaki wengi wanaoogelea vizuri huangukia kati ya 0.2 na 0.4. Mkono wa chuma ukizunguka nyuzi 25 kila upande unafagia sentimita 38. Kwa mwendo wa mita 1.3 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 5 kwa saa, 0.3 inadai pigo moja tu, kwenda na kurudi, kila sekunde. Weka maboya mawili umbali wa mita 20. Ukipita kwa sekunde 15 au 16, umefika. Wanaoanza wote hupiga harakaharaka na kwa ufupi. Piga kwa upana, taratibu.

Kukata kona: mguu wa kushoto ukienda mbali zaidi ya wa kulia, kichwa kinaelekea kushoto.

Vaa jaketi la kuokoa maisha na ubebe kafi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na msimu wa kiangazi upepo wa kusini hauna utani. Mimi huenda alfajiri na sipotezi ufukwe machoni. Ukirudi mchangani, toa pini ya pete ya juu na uinue bomba kabla hujagusa chini. Bawaba yangu ya kwanza ilibaki Kibirizi kwa kusahau hilo.