Kabla hujakata kamba ya senti za marehemu

Babu mzaa mama alifanya kazi reli hapa Tabora. Alipofariki, tulikuta uvunguni mwa kitanda chake kopo la bati lenye vibunda sita vya senti, vimeviringishwa karatasi ya kaki, na tungo mbili za senti za tundu kwenye kamba ya katani. Arobaini haijafika, kibunda kimoja kilikuwa kimeshachanwa, senti zimesuguliwa kwa ndimu na majivu ili zing'ae. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema kabisa. Hasara ikabaki palepale.

Kwa hiyo la kwanza: usisafishe. Si kwa ndimu, si kwa mchanga, si kwa dawa ya meno. Shaba iliyotulia miaka mingi hujivika rangi ya hudhurungi, na mnunuzi anayejua anaitafuta rangi hiyo. Zile zetu zilizosuguliwa zimegeuka wekundu mbichi, kama ngozi iliyobabuka, na zile pembe za ndovu zilizochorwa kuzunguka tundu zimejaa mikwaruzo. Haziwezi kurudi zilivyokuwa.

La pili, usifungue. Kibunda kizima kina thamani yake kwa sababu huenda senti za ndani hazijawahi kupita mkononi mwa mtu. Kama karatasi ina muhuri au maandishi ya benki, huo ndio ushahidi wako, ukiichana umeupoteza. Piga picha ncha zote mbili na ubavuni, pima kila kibunda kwenye mzani wa sonara, andika. Sarafu ya ncha ikionekana, soma mwaka, lakini usidhani za katikati zinafanana nayo. Kama ni karatasi ya duka tu, yaelekea ni mchanganyiko wa senti zilizotumika, na hapo usitarajie makubwa.

Kisha jua ulichonacho. Senti za tundu za Afrika Mashariki, za enzi za Mwingereza, nyingi zilikuwa za 1, 5 na 10. Herufi ndogo kama H au KN zinaonyesha kiwanda kilichozitengeneza, na zinaweza kubadili bei. Zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza, za 1936, watu huzipapatikia kwa kuwa hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, kumbe zilitengenezwa kwa wingi na hazina uadimu huo. Shilingi za simba za 1921 hadi 1946 ni robo tu madini ya fedha: sarafu nzima ni gramu 7 na ushei, fedha yenyewe haifiki gramu 2. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Hapa kwetu utakuta pia heller, sarafu ndogo za enzi za Mjerumani, ndizo zilizotuachia neno hela. Zenye mwaka 1916 na herufi T zilipigwa hapahapa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilipokuwa zimeziba pwani. Zitenge, kwani za aina hiyo zina maumbo kadhaa na bei hupishana. Mwaka huohuo ilipigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na hiyo ndiyo inayowatoa watu akili. Za bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa zaidi kidogo ya gramu 7. Na mtu akikwambia ana mnunuzi wa mamilioni ila utangulize hela ya "kupima" au ya "dawa", funga mlango.

Kabla ya kuuza, kaeni kikao. Mali ni ya mirathi, si ya aliyeiona kwanza. Msimamizi aiorodheshe mbele ya mashahidi. Ukitafuta bei, tazama zilizokwisha kuuzwa, maana kila mtu anaweza kutaja bei anayoitamani.

Vibunda vyetu vitano vilivyobaki viko ndani ya bahasha za karatasi kavu, kwani mfuko wa nailoni hutoa jasho na shaba ikaota kutu ya kijani. Tungo hatujazikata. Juzi mjomba alizipitisha vidoleni taratibu, sarafu kumi kumi, zote za senti 10, akatuonyesha kitu ambacho hatukukiona: baada ya kila sarafu ya kumi kuna fundo. Kila fundo ni shilingi moja, na babu alifunga thelathini na nne.